Bakteria wa chunusi: ukoo upi una kesi ya kujibu?

Watu 101 wa kusini mwa California walikubali kubandikwa puani vibandiko vya gundi, vya aina ile ile inayouzwa madukani kwa ajili ya kung'oa vidoa vyeusi vya pua. Kati yao 49 walikuwa na chunusi na 52 walikuwa na ngozi safi. Kibandiko kilipobanduliwa kilitoka na vijipande vilivyoziba vinyweleo: mafuta yaliyoganda, seli zilizokufa na bakteria waliokuwa wakiishi humo. Watafiti wakiongozwa na Huiying Li wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walikuwa na swali ambalo kwa zaidi ya miaka mia moja lilidhaniwa limekwisha kujibiwa: je, mwenye chunusi ana bakteria wa chunusi wengi kuliko asiye nazo?

Jibu lililochapishwa mwaka 2013 lilikuwa hapana. Bakteria anayeitwa leo Cutibacterium acnes ndiye aliyetawala pua zote, za wagonjwa na za wazima, kwa viwango vinavyokaribiana. Takriban asilimia 87 ya bakteria waliotambuliwa ndani ya vinyweleo walikuwa yeye. Kama wingi wake ndio kosa, basi wenye nyuso laini nao walipaswa kuwa na chunusi. Tofauti ilijitokeza pale tu watafiti walipoacha kumhesabu kama kiumbe mmoja, wakaanza kusoma vinasaba vya koo zake. Koo mbili zilizopewa alama RT4 na RT5 zilikutwa kwa mtu mmoja kati ya watano wenye chunusi, na ni kwa nadra zilipatikana kwenye ngozi safi. Ukoo mwingine, RT6, ulielemea upande wa pili, kwa watu wasio na chunusi.

Matokeo ya namna hii yamekaa kwenye majarida ya kisayansi kwa zaidi ya miaka kumi, huku tiba inayotolewa katika maduka mengi ya dawa ikiendelea kama vile hayajawahi kupatikana. Kijana anakuja na chunusi, anapewa antibiotiki ya kuua "bakteria wa chunusi", na mazungumzo yanaishia hapo. Ninachodai katika makala hii ni kwamba uainishaji wa koo hizi umekwisha kuuondolea mtindo huo uhalali wake. Ukishajua kwamba ndani ya jina moja mna koo zinazoelekea kudhuru na nyingine zinazoelekea kulinda, kuwaua wote kwa pamoja ni uamuzi unaohitaji kutetewa. Hauwezi tena kuchukuliwa kama jambo la kawaida.

Mkazi wa kila uso

Shaka juu ya bakteria huyu ilianza mwaka 1896, daktari wa ngozi wa Hamburg, Paul Gerson Unna, alipoona vijidudu vyenye umbo la fimbo ndani ya chunusi. Tangu hapo kiumbe huyo amehamishwa kutoka jenasi moja kwenda nyingine: aliitwa Bacillus, akawa Corynebacterium, mwaka 1946 akapendekezwa kuwa Propionibacterium, na mwaka 2016 akapewa jenasi ya Cutibacterium pamoja na jamaa zake wa ngozini. Kumshuku kulikuwa na mantiki. Anaishi pale pale tatizo linapotokea, anakula mafuta yale yale yanayoziba kinyweleo, na dawa zinazompunguza mara nyingi hupunguza chunusi.

Tatizo ni kwamba anaishi pia kwa watu karibu wote wazima duniani. Robert Koch, Mjerumani aliyeonyesha vimelea vya kifua kikuu, aliweka sharti kwamba kijidudu kinachotuhumiwa kuleta ugonjwa kipatikane kwa wagonjwa na kisipatikane kwa wazima. Cutibacterium acnes hawezi kupita mtihani huo. Isitoshe, ana faida inayojulikana. Anapovunja mafuta ya ngozi huacha asidi, ikiwamo asidi ya propioniki, na ngozi yenye asidi kidogo huwa mazingira magumu kwa bakteria wakorofi zaidi kama Staphylococcus aureus, anayeleta majipu. Basi tuna mkazi ambaye kwa upande mmoja analinda nyumba na kwa upande mwingine anatuhumiwa kuivunja, na kwa muda mrefu tuhuma hizo mbili zilisomwa kwa kupokezana, kila kizazi cha madaktari kikiegemea moja.

Chunusi yenyewe huanza kabla bakteria hajafanya lolote. Wakati wa kubalehe homoni za androjeni huzifanya tezi za mafuta zikue na kutoa mafuta mengi. Seli zinazopaka ndani ya kinyweleo, ambazo kwa kawaida hupukutika na kutoka nje, hunata na kufanya kizibo. Chini ya kizibo hakuna hewa, na Cutibacterium acnes ni kiumbe asiyependa oksijeni, kwa hiyo hustawi. Kinga ya mwili ikimgundua pale alipo, hutuma askari wake. Hapo ndipo huja uvimbe, maumivu na usaha. Kila hatua katika mlolongo huu ni ya lazima, na ndiyo maana watu waliokuwa wakimtetea bakteria na waliokuwa wakimshitaki wote walikuwa na ushahidi mkononi.

Kutoka aina mbili hadi koo nyingi

Dalili kwamba jina hili moja limeficha mengi ilipatikana mwaka 1972, Johnson na Cummins walipoonyesha kwamba bakteria hawa wanagawanyika katika aina mbili kwa kufuata sukari zilizomo katika kuta za seli zao na namna wanavyotambuliwa na kingamwili. Aina ya kwanza ina sukari ya galaktosi ukutani, ya pili haina. Kwa zaidi ya miaka thelathini jambo hilo lilibaki kama udadisi wa maabara. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walichapisha mpangilio kamili wa vinasaba vya bakteria mmoja, herufi takriban milioni 2.56, na mwaka uliofuata kundi la Belfast likaonyesha kwa kutumia jeni iitwayo recA kwamba aina zile mbili ni matawi yaliyoachana zamani katika mageuko. Baadaye ikaongezwa aina ya tatu.

Kuanzia hapo kazi ilienda kasi. Mwaka 2010 Lomholt na Kilian wa Aarhus, Denmark, walilinganisha jeni tisa za bakteria waliotoka kwa watu wengi na kukuta kwamba chunusi za wastani na kali ziliambatana zaidi na tawi moja dogo ndani ya aina ya kwanza. Belfast nao wakaja na mfumo wa jeni nane, ukiigawa aina ya kwanza kuwa IA1, IA2, IB na IC. Wamarekani wakatumia alama za RT. Tangu mwaka 2016 aina tatu kuu zinatambuliwa kama nususpishi: acnes, defendens na elongatum. Msomaji anayeona mifumo hii ikigongana ana haki ya kulalamika, kwa sababu maabara mbili zinaweza kuzungumzia ukoo ule ule kwa majina mawili na matokeo yao yasilinganishwe kwa urahisi. Lakini mifumo hii, iliyojengwa na watu tofauti kwa jeni tofauti, inarudia kuonyesha kidole upande mmoja: tawi la IA1 ndilo linalokutwa kupita kiasi kwenye chunusi, na aina ya pili ndiyo inayoelekea kwenye ngozi tulivu. Makubaliano ya mashahidi wasioshauriana yana uzito.

Mifumo iliyojengwa na watu tofauti kwa jeni tofauti inaonyesha kidole upande mmoja.

Funzo la mbu wa Pare

Afrika Mashariki imewahi kujifunza kwa vitendo kwamba kutenganisha viumbe wanaofanana kunabadilisha maana ya vita yenyewe. Kati ya mwaka 1955 na 1959, katika mradi wa malaria wa Pare na Taveta kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya, nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini. Mbu Anopheles funestus, msambazaji mkubwa wa malaria anayependa kupumzika ndani ya nyumba, karibu atoweke. Lakini nje akaonekana mbu mwingine akiongezeka, Anopheles rivulorum, ambaye akishakuwa mkubwa anafanana na funestus kiasi cha kumchanganya mtaalamu. Huyu hupendelea zaidi kuwauma wanyama. Mtu aliyehesabu mbu bila kuwatambua angeripoti kwamba mradi umeshindwa. Aliyewatambua aliona kwamba msambazaji mkuu ametoweka na pengo lake limejazwa na jamaa yake asiye na madhara makubwa.

Utambuzi wa namna hiyo ndio unaokosekana katika tiba ya chunusi. Tunapima mafanikio kwa kupungua kwa bakteria, au kwa kupungua kwa vipele kwa wiki kadhaa, bila kuuliza ni koo zipi zimebaki na ni zipi zitakazojaza vinyweleo dawa ikishaachwa. Swali hilo haliwezi hata kuulizwa bila uainishaji.

Wanafanya nini humo ndani

Kuna pingamizi lenye nguvu, na lazima lijibiwe kwa ukamilifu. Ukoo kukutwa pamoja na ugonjwa hakuthibitishi kwamba umeuleta. Huenda ngozi yenye mafuta mengi na vinyweleo vilivyoziba inaupendelea ukoo fulani, kwa hiyo chunusi inatangulia na ukoo unafuata. Huenda pia ni dawa zetu wenyewe zilizouchagua. RT4 na RT5 zina badiliko la jeni linalojulikana kuongeza usugu dhidi ya tetrasaiklini, dawa iliyotumiwa kutibu chunusi kwa miongo mingi. Kwa mantiki hiyo, kuzikuta kwenye nyuso zenye chunusi kungeweza kuwa alama ya historia ya matibabu. Na tukumbuke ile hesabu ya mmoja kati ya watano: wanne kati ya watano wenye chunusi hawakuwa na koo hizo hata kidogo.

Utafiti wa mara moja, unaopima watu siku moja na kuondoka, hauwezi kulimaliza pingamizi hili. Kinachoweza kulijibu ni kuangalia kazi: je, koo hizi zikiwekwa katika mazingira yaleyale zinafanya mambo tofauti? Hapa ushahidi umekuwa ukikusanyika, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika habari hii.

Mfano wa kwanza ni porfirini, kemikali ambazo bakteria hawa huzitoa na ambazo huamsha uvimbe kwenye ngozi. Mwaka 2016 kundi la Li lilionyesha kwamba koo za aina ya kwanza zinazohusishwa na chunusi hutoa porfirini nyingi kuliko koo za aina ya pili zinazohusishwa na ngozi safi. Sababu mojawapo ni kwamba hizi za pili zina jeni ya kuzuia uzalishaji huo. Mwaka mmoja kabla, kundi hilo hilo lilikuwa limefuatilia jambo ambalo madaktari waliliona kwa miaka mingi bila maelezo, yaani baadhi ya watu kuota chunusi baada ya kupewa vitamini B12. Bakteria huyu hujitengenezea B12 mwenyewe. Akiipata tayari kutoka kwa mwenyeji wake, huacha kuitengeneza, na malighafi inayosalia huelekezwa kwenye porfirini. Kati ya watu kumi wenye ngozi safi waliochomwa sindano ya B12, mmoja aliota chunusi. Maabara ilipoongeza B12 kwa koo mbalimbali, porfirini ziliongezeka kwa zile za chunusi, lakini kwa zile za ngozi safi hazikuongezeka. Mwili mmoja, kichocheo kimoja, mwitikio tofauti kwa kufuata ukoo.

Mfano wa pili ulichapishwa mwaka 2023 na unahusu kimeng'enya kinachokata asidi ya hayaluroniki, kemikali inayoshikilia maji kati ya seli za ngozi. Koo zote zina kimeng'enya hicho, lakini si cha namna moja. Kile cha tawi linalohusishwa na chunusi, HylA, hukata asidi hiyo kuwa vipande vikubwa ambavyo kinga ya mwili huvisoma kama dalili ya jeraha, na uvimbe hufuata. Kile cha koo nyingine, HylB, huikata hadi vipande vidogo kabisa ambavyo huelekea kuutuliza. Vimeng'enya hivi viwili vina asili moja, kisha vikaachana. Kwa mtu aliyeangalia jina la spishi tu, tofauti hii haionekani kabisa. Kwa mgonjwa, inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kinyweleo kilichoziba kwa utulivu na uvimbe unaouma.

Kichocheo kimoja, mwitikio tofauti: porfirini ziliongezeka kwa koo za chunusi, si kwa koo za ngozi safi.

Hivyo pingamizi la sababu na matokeo linabaki na nguvu kwa ukoo mmoja mmoja, lakini limepungua nguvu kwa hoja kubwa. Hata kama ni mafuta mengi yaliyoukaribisha ukoo wenye HylA, ukishafika unafanya kazi ambayo jirani yake asingeifanya. Chunusi na ukoo vinaweza kusukumana kwa zamu, kila kimoja kikikizidisha kingine, na tiba inayokatiza mzunguko huo popote ina maana.

Tahadhari moja: "mwema" na "mbaya" ni maneno ya mahali. Koo za IB na aina ya pili, zilizo tulivu usoni, zinajulikana na madaktari wa mifupa kwa kujificha kwenye viungo bandia vya bega na nyonga na kuleta maambukizi yanayochelewa kugunduliwa. Anayetaka kutengeneza krimu ya "bakteria wazuri" na kuiuza kwa kila mtu anapaswa kujibu swali hilo kwanza.

Kinyweleo kama nyumba ya mtu mmoja

Mwaka 2022 kundi la Tami Lieberman wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts lilitoa matokeo yaliyoufanya mjadala huu kuwa mgumu zaidi na wa kuvutia zaidi. Walitoa yaliyomo katika kinyweleo kimoja kimoja na kusoma vinasaba vya bakteria mamia kwa mamia. Walikuta kwamba uso wa mtu mmoja hubeba koo nyingi, lakini kila kinyweleo hutawaliwa na kizazi cha bakteria mmoja aliyewahi kuingia. Kinyweleo cha jirani kinaweza kuwa na ukoo mwingine kabisa. Kwa maelezo yao, anayekaa mle hakuwashinda wenzake kwa nguvu. Alitangulia kufika, na umbo lenyewe la kinyweleo likamlinda.

Hili linajibu fumbo la zamani: kwa nini shavu moja lina kipele kikubwa na sentimita moja pembeni ngozi imetulia, wakati homoni ni zilezile na chakula ni kilekile. Sidai kwamba ukoo ndio jibu lote la fumbo hilo. Ila matokeo haya ya Lieberman pia yanatoa onyo juu ya kibandiko kile cha California, ambacho huchanganya yaliyomo katika vinyweleo vingi na kutoa wastani. Wastani wa pua nzima unaweza kuonyesha koo zimesawazika, huku kinyweleo kilichovimba kimekaliwa na mmoja tu. Watafiti wa Ufaransa, wakiwamo Dagnelie na Dréno, walionyesha mwaka 2018 kwamba kwenye chunusi kali za mgongoni utofauti wa koo hupungua na IA1 hutawala. Kupotea kwa mchanganyiko, wanasema, ndiko kunakoamsha kinga ya mwili, zaidi ya wingi wa bakteria.

Wapo wanaosema mjadala wote huu wa bakteria unatupotosha na kwamba tungeangalia chakula na homoni. Wanataja kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea na Waaché wa Paraguay, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2002 haukukuta hata mtu mmoja mwenye chunusi kati ya zaidi ya elfu moja waliochunguzwa. Ni ushahidi mzito. Lakini kusema homoni zinaanzisha hakuzuii kusema koo zinaamua kiasi cha uvimbe, na ni uvimbe unaoacha kovu.

Bei ya kuwaua wote

Usugu wa bakteria huyu dhidi ya erithromaisini na klindamaisini uliripotiwa Marekani mwaka 1979. Uchunguzi wa nchi sita za Ulaya uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba wagonjwa wenye bakteria sugu kwa angalau dawa moja walikuwa asilimia 51 Hungary na asilimia 94 Hispania. Dawa ya kumeza haiishii usoni. Inapita tumboni na kooni, na kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza zilionyesha mwaka 2005 kwamba waliotibiwa chunusi kwa antibiotiki walikuwa na uwezekano takriban mara mbili wa kupata maambukizi ya njia ya juu ya hewa. Katika dunia ambayo usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 mwaka 2019, kumpa kijana doksisaiklini kwa miezi minane ili kuua mkazi wa kawaida wa ngozi yake ni matumizi mabaya ya mali ya wote.

Miongozo ya madaktari wa ngozi imekwisha kuliona hilo. Inasema antibiotiki ya kupaka isitumiwe peke yake, iambatane na benzoili peroksaidi ambayo huua kwa oksijeni na haileti usugu; retinoidi ya kupaka, inayozuia kizibo kisijengeke, iwe nguzo ya tiba; na antibiotiki ya kumeza ipewe ukomo wa miezi mitatu hadi minne. Nakubaliana nayo yote, na naongeza kwamba uainishaji unaipa sababu ya pili iliyo ndani ya ngozi yenyewe. Antibiotiki haichagui kwa kufuata madhara, inachagua kwa kufuata usugu. Mahali ambapo ukoo mkorofi ndio wenye jeni za usugu, kama RT4 na RT5 kwa tetrasaiklini, dawa inaweza kuwaondoa walinzi na kumwachia nafasi mwenye kesi.

Antibiotiki haichagui kwa kufuata madhara, inachagua kwa kufuata usugu.

Mtu atauliza: benzoili peroksaidi nayo si inaua wote? Inaua. Lakini haiachi nyuma warithi sugu, na haipiti tumboni. Kwa dawa zilizopo leo, huo ndio uamuzi wenye hasara ndogo.

Ngozi nyeusi katika ramani

Sampuli nyingi zilizojenga uainishaji huu zilitoka Marekani, Ulaya na Japani. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki hilo linaweza kuonekana jambo dogo mbele ya malaria na kisukari, na pingamizi la kwamba kusoma vinasaba vya chunusi ni anasa linasikika mara moja. Ninaliheshimu, lakini nadhani linakosea mahali pa kuangalia. Kwenye ngozi nyeusi kipele kikipona huacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi mingi, na ni doa hilo linalompeleka mtu kwenye mkorogo. Ndani ya mkorogo mara nyingi mna steroidi kali kama klobetasoli, ambayo yenyewe huleta vipele vinavyofanana na chunusi. Vipele hivyo hutibiwa kwa antibiotiki. Mlolongo huo unalipiwa na familia, krimu baada ya krimu, na unaanzia kwenye chunusi iliyotibiwa vibaya.

Kuna mfano mwingine ulio wetu zaidi. Baadhi ya vijana wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde huota madoa yaliyopauka yasiyowasha mgongoni na tumboni, hali ambayo madaktari wanaitambua tangu mwaka 1988 na ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa fangasi. Hupakwa dawa ya fangasi miezi na miezi bila nafuu. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba madoa hayo yanaambatana na aina ya tatu ya Cutibacterium acnes, nususpishi ya elongatum, ambayo usoni haipatikani sana. Na tayari jaribio la Uholanzi la mwaka 2006 lilikuwa limeonyesha kwamba benzoili peroksaidi na klindamaisini pamoja na mwanga wa UVA vinarudisha rangi vizuri zaidi kuliko steroidi pamoja na mwanga huo huo. Mgonjwa wa hali hii hahitaji mashine ya kusoma vinasaba kitandani kwake. Anahitaji daktari ambaye amesoma kwamba aina ya tatu ipo, ili aache kumwandikia dawa ya fangasi. Hiyo ndiyo faida ya uainishaji kwa zahanati isiyo na maabara: kazi ghali inafanyika mara moja, mahali pamoja, na maarifa yake yanasafiri bure.

Mahali pa kuifanyia kazi hiyo hapakosekani. Moshi kuna Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992 kando ya hospitali ya KCMC, ambacho kimefundisha wahudumu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kibandiko cha pua ni rahisi, na wagonjwa wapo. Usomaji wa vinasaba unazidi kushuka bei, na maabara za kanda hii zilionyesha wakati wa Uviko-19 kwamba zinaweza kuufanya zenyewe.

Haraka ipo, kwa sababu tiba zinazofuata zinachaguliwa sasa kwa kufuata koo zilizokwisha kusomwa. Jaribio dogo la wiki tano lililochapishwa mwaka 2019 liliwapaka wagonjwa koo za ngozi safi. Virusi vinavyokula bakteria huyu vinachunguzwa, na tayari inajulikana kwamba koo kadhaa za aina ya pili, zilizo na kinga ya CRISPR, huweza kuvikataa wakati nyingi za aina ya kwanza zinakufa; kwa dawa inayotakiwa kuchagua, hiyo ni bahati. Mwaka 2024 watafiti wa Barcelona walieleza namna walivyombadili Cutibacterium acnes vinasaba ili atoe protini inayopunguza mafuta ya ngozi, na wakamjaribu kwenye panya. Mwaka huo huo kampuni ya Sanofi ilianza kujaribu kwa watu chanjo ya mRNA dhidi ya chunusi. Kila mmoja wa hawa amelazimika kuamua ni ukoo upi au protini ipi ailenge. Wizara za afya na vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali vikitaka koo za ngozi za watu wao ziwe kwenye orodha hiyo, sampuli zinapaswa kukusanywa kabla majaribio ya mwisho hayajaandikwa, kwa ridhaa ya wanaozitoa, na nakala za bakteria wenyewe zihifadhiwe hapa, katika majokofu ambayo mtafiti wa hapa anaweza kuyafungua.